Mguu Kuvimba Baada ya Upasuaji wa Saratani ya Ovari: Kwa Nini Si Ugonjwa Mmoja

Kiswahili kina neno moja, uvimbe, kwa mambo mawili ambayo daktari huyatenganisha kabisa. Donge linalokua mahali lisipostahili kuwa huitwa uvimbe, na mguu uliojaa maji hadi kiatu kikakataa kuingia nao husemwa una uvimbe. Mwanamke aliyeambiwa kliniki kwamba ana uvimbe kwenye ovari, akapasuliwa, akaruhusiwa kwenda nyumbani, kisha baada ya majuma au miezi kadhaa akaona mguu wake mmoja umenenepa kuliko mwenzake, ana kila sababu ya kuamini kwamba kilichotolewa tumboni kimeteremka na kukaa mguuni. Wazo hili husemwa kwa sauti ya chini katika vyumba vya kungojea vya hospitali za Nairobi, na madhara yake ni makubwa kuliko linavyoonekana, kwa kuwa anayeliamini mara nyingi huuficha mguu chini ya dera au leso, akingoja uishe wenyewe, ili asiambiwe kwamba mambo yameanza upya.

Saratani ya ovari haina tabia ya kushuka mguuni. Inaposambaa, kwa kawaida husambaa ndani ya tumbo, juu ya utando unaofunika matumbo na ini, na katika tezi za limfu zilizo nyuma ya tumbo. Kilichomo ndani ya mguu uliovimba ni maji. Swali la kuuliza ni kwa nini maji hayo hayarudi yalikotoka, na swali hilo lina majibu kadhaa. Moja linahitaji hospitali usiku huohuo, jingine linahitaji mazoea ya miaka mingi, na jingine linahitaji tu kidonge kimoja kibadilishwe.

Mishipa ya damu huvuja, na imeumbwa ivuje. Kila siku maji hupenya kutoka katika kapilari, yaani vijishipa vyembamba kuliko vyote, yakaingia katikati ya seli ili kuzilisha, na hubeba protini kiasi. Njia kuu ya kuyarudisha ni mfumo wa limfu, ambao ni mtandao wa mirija isiyo na moyo wa kuisukuma. Mirija hiyo hutegemea vali zake, yaani vilango vinavyoruhusu maji kwenda upande mmoja tu, mikazo yake yenyewe, na mwendo wa misuli tunapotembea na kupumua. Limfu ya miguu yote miwili hupanda kupitia kinena, ikapita katika tezi, yaani vinundu vidogo vinavyoichuja, zilizopangana kando ya mishipa mikubwa ya nyonga, ikaendelea kando ya aota, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, nyuma ya tumbo, kisha ikaingia katika mrija mkuu wa kifua, ambao humwaga takriban lita 2 hadi 4 kwa siku katika vena, yaani mshipa unaorudisha damu moyoni, iliyo chini ya shingo upande wa kushoto. Tezi hizi si ngeni kwetu, kwani wazazi wetu waliziita mitoki zilipovimba kinenani mtoto alipoumia mguu. Wakati huohuo damu yenyewe hupanda kupitia vena, ikisukumwa na misuli ya shavu la mguu kila tunapopiga hatua. Mguu huvimba ikiwa njia ya limfu imekatwa, au njia ya vena imezibwa, au damu imepungukiwa na protini inayoyashika maji ndani ya mishipa, au dawa fulani imeifanya mishipa ivuje zaidi ya kawaida.

Upasuaji wa saratani ya ovari ni mpana kuliko jina lake linavyodokeza. Kwa kawaida ovari zote mbili hutolewa pamoja na mirija ya uzazi, mfuko wa uzazi, na utando wa mafuta unaoning'inia mbele ya matumbo. Juu ya hayo, huenda daktari akatoa tezi za limfu za nyonga na za kando ya aota. Ugonjwa unapoonekana kuwa katika hatua za mwanzo, tezi hutolewa ili ijulikane kama saratani imefika humo, jambo linaloathiri uamuzi wa matibabu yanayofuata. Ugonjwa uliokwisha kusambaa ni habari nyingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 uliwagawa kwa kura wanawake 647 ambao madaktari walikuwa wamefaulu kuwaondolea ugonjwa wote unaoonekana kwa macho, na ambao tezi zao hazikuonyesha dalili ya ugonjwa. Nusu walitolewa tezi zote za eneo hilo na nusu waliachiwa. Waliotolewa hawakuishi muda mrefu zaidi, bali walipata matatizo mengi zaidi baada ya upasuaji. Kwa sababu hiyo wanawake wawili waliopata upasuaji wenye jina lilelile wanaweza kuwa mmoja ametolewa tezi nyingi na mwingine hakuguswa hata moja, na hatari yao ya kuvimba mguu haiwezi kulingana.

Hapa nina ombi kwa msomaji mgonjwa na kwa anayemuuguza. Ripoti ya patholojia, ile inayotoka maabara baada ya upasuaji, kwa kawaida hutaja idadi ya tezi zilizopokelewa na zilitoka upande gani. Mara nyingi imo ndani ya bahasha ya kaki anayotembea nayo mgonjwa kutoka kliniki moja hadi nyingine, ila hakuna aliyemsomea. Muulize daktari, bila haya, kama tezi zilitolewa na ni ngapi, ukaandike jibu ndani ya daftari. Siku mguu utakapovimba, jibu hilo litamsaidia hata daktari asiyekufahamu.

Jambo la kufikiria kwanza, hata pale lisipokuwa na uwezekano mkubwa, ni damu iliyoganda katika vena za ndani za mguu. Daktari Mjerumani Rudolf Virchow, aliyeishi katika karne ya 19, anakumbukwa kwa mambo matatu yanayogandisha damu ndani ya mishipa: damu kwenda polepole, ukuta wa mshipa kuumia, na damu yenyewe kuwa nyepesi kuganda. Mwanamke aliyetoka kupasuliwa kwa saratani ya ovari anayo yote matatu. Amelala siku nyingi, mishipa ya nyonga yake imeguswa wakati wa upasuaji, na saratani yenyewe huifanya damu igande kwa urahisi, huku baadhi ya dawa za kemo, zile zinazoua seli za saratani, zikiongeza hatari hiyo. Ndiyo maana hupewa sindano za heparini, dawa inayozuia damu kuganda, na miongozo mingi hupendekeza ziendelee hadi majuma manne, yaani siku 28, baada ya upasuaji mkubwa wa saratani tumboni. Sindano hizo humfuata mgonjwa nyumbani, na nyumbani ndiko zinakoachwa, ama kwa sababu ya gharama, ama kwa sababu kidonda kimefunga na mtu anajiona mzima. Kidonda cha nje kufunga hakuna uhusiano wowote na damu iliyo ndani ya vena.

Mguu wenye damu iliyoganda huvimba ndani ya muda wa saa au siku chache, aghalabu mmoja tu. Wa kushoto hupatwa mara nyingi zaidi, kwa kuwa vena ya nyonga ya upande huo hupita chini ya ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni, inayoibana. Huenda shavu la mguu au paja likauma, likawa zito, likawa na joto kuliko upande wa pili, lakini pia inawezekana kusiwe na maumivu hata kidogo. Utepe wa fundi wa nguo unatosha kwa kipimo cha kwanza: madaktari huchukulia kwa uzito tofauti inayozidi sentimita 3 kati ya mashavu mawili ya miguu, kipimo kikichukuliwa sentimita 10 chini ya ule mfupa uliotokeza mbele, chini ya goti. Hata hivyo, kipimo kidogo kuliko hicho si ruhusa ya kungoja. Kipimo cha uhakika ni ultrasaundi ya Doppler, inayoonyesha kama damu inapita ndani ya vena na kama vena inabanika inapobonyezwa. Kuna pia kipimo cha damu kinachoitwa D-dimer, lakini kwa mtu mwenye saratani au aliyepasuliwa karibuni huwa juu hata bila damu kuganda, kwa hiyo matokeo yaliyo juu pekee hayathibitishi chochote.

Kinachoogopwa si mguu bali pafu. Bonge la damu hiyo iliyoganda likikatika husafiri hadi moyoni na kutoka hapo likakwama katika mishipa ya mapafu. Kukosa pumzi ghafla, kifua kuuma unapovuta hewa, moyo kwenda mbio, kuzirai au kukohoa damu ni dalili za kukimbizwa idara ya dharura mara moja, iwe ni usiku wa manane na iwe ni hospitali yoyote iliyo karibu. Mguu uliovimba ghafla bila dalili hizo nao ni wa kuonwa siku hiyohiyo. Usiusubirishe hadi tarehe ya kliniki. Na kuna jambo ambalo ningetaka kila shangazi, dada na jirani mwenye nia njema alisikie: mguu uliovimba ghafla haukandwi. Desturi yetu ya kumkanda mgonjwa kwa mafuta na maji ya moto imejaa upendo, lakini kulisugua shavu la mguu lenye bonge kunaweza kulisukuma bonge hilo kuelekea kifuani. Damu iliyoganda hutibiwa kwa dawa za kuzuia kuganda, za sindano au za vidonge, kwa muda usiopungua miezi 3, na kwa wenye saratani inayoendelea kutibiwa mara nyingi 6 au zaidi. Baadhi ya wagonjwa, hata baada ya dawa kufanya kazi yake, hubaki na vali za vena zilizoharibika na mguu unaovimba kila jioni.

Limfedema, yaani kuvimba kunakotokana na njia ya limfu kukatwa, huja kwa mwendo mwingine. Baada ya tezi kutolewa, mirija iliyobaki hubeba mzigo wa ile iliyopotea, na kwa wengine huuweza kwa muda tu. Mguu unaweza kuanza kuvimba miezi michache baada ya upasuaji, na unaweza kuanza miaka kadhaa baadaye, wakati mtu ameshaacha kuufikiria upasuaji. Mwanzoni dalili si uvimbe wenyewe. Ni uzito, ni kubanwa, ni alama ya soksi isiyofutika jioni, ni suruali iliyotosha sawasawa sasa kubana paja moja. Kwa waliotolewa tezi za nyonga, huenda kukavimba kwanza paja, kinena, au hata sehemu za siri, na hilo la mwisho wanawake wengi hawalisemi. Lisemwe, kwa maana daktari asipoambiwa hataangalia huko.

Hatua ya kwanza, mguu ukiinuliwa usiku kucha hupungua, na ukibonyezwa kwa kidole hubaki na shimo. Baadaye haupungui tena kwa kuinuliwa, kwa sababu protini iliyobaki katika nyama huchochea mwili kutengeneza nyuzi ngumu na mafuta, na ngozi hunenepa. Daktari hupima jambo hili kwa kujaribu kuifinya ngozi iliyo juu ya shina la kidole cha pili cha mguu. Isipoinuka, hiyo ni dalili ya Stemmer, na limfedema ina uwezekano mkubwa. Dalili hiyo ikikosekana, limfedema bado inawezekana, hasa iliyoanzia pajani.

Watu wa Pwani watauliza kama haya si matende. Swali ni la maana, kwa kuwa mtambo ulioharibika ni uleule. Matende husababishwa na minyoo midogo inayosambazwa na mbu, ambayo huishi ndani ya mirija ya limfu na kuiharibu, na maeneo ya Kwale, Kilifi, Lamu na Tana River yameujua ugonjwa huo kwa muda mrefu. Kwa mwanamke aliyepasuliwa, mirija iliharibiwa na kisu cha daktari na si minyoo, kwa hiyo dawa za minyoo hazitamsaidia, na hawezi kumwambukiza mtu yeyote. Nalisisitiza hilo kwa sababu wapo wanaotengwa kwa ajili ya mguu. Tofauti nyingine inayochanganya watu ni ya saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ni ya kawaida sana nchini Kenya na ambayo mara nyingi hutibiwa kwa mionzi ya nyonga. Mionzi huongeza hatari ya limfedema. Saratani ya ovari mara chache hutibiwa kwa mionzi, kwa hiyo hadithi ya jirani aliyechomwa mionzi haimhusu kila mgonjwa wa ovari.

Miguu yote miwili ikivimba kwa kiwango kinacholingana, fikra huelekea kwingine. Ini hutengeneza albumini, protini inayoyashika maji ndani ya damu, na kiwango chake hushuka mgonjwa anapokosa hamu ya kula, anapokuwa na uchochezi wa muda mrefu mwilini, yaani mwili unapopambana na ugonjwa bila kupumzika, au anapotolewa maji ya tumboni mara kwa mara, kwa kuwa maji hayo hutoka na protini. Kwa mtu wa namna hii, bakuli la ndengu, yai, omena au maziwa ni sehemu ya matibabu, ingawa chakula peke yake hakitoshi ikiwa ugonjwa wenyewe unaendelea. Huenda pia ikawa ni moyo au figo. Au ni dawa: deksamethasoni inayotolewa pamoja na kemo inaweza kuufanya mwili ushikilie chumvi na maji, na amlodipini, kidonge cha shinikizo la damu kinachomezwa katika nyumba nyingi sana za Nairobi, huvimbisha vifundo vya miguu bila uhusiano wowote na saratani. Hapa kupeleka dawa zote kliniki, pamoja na za mtaani na za mitishamba, huokoa gharama ya vipimo vingi. Usiache dawa ya shinikizo kwa uamuzi wako mwenyewe. Mwombe daktari aibadilishe.

Halafu kuna lile linaloogopwa. Ndiyo, saratani iliyorudi ndani ya nyonga inaweza kubana vena au mirija ya limfu na kuvimbisha mguu mmoja au yote miwili, na si haki kumficha mgonjwa uwezekano huo. Hubainika kwa uchunguzi wa nyonga, kipimo cha damu cha CA-125, protini ambayo mara nyingi hupanda kwa mwenye saratani ya ovari, na picha ya CT, na hutiliwa shaka zaidi uvimbe unapoanza au kuongezeka pamoja na tumbo kujaa, maumivu mapya ya nyonga au mgongo, au kupungua uzito. Mguu pekee, bila vipimo, hausemi lolote kuhusu hilo. Wakati mwingine picha hiyohiyo hufichua jambo jepesi zaidi, kifuko cha limfu kilichokusanyika pale tezi zilipotolewa, ambacho hufyonzwa chenyewe au huondolewa maji kwa sindano.

Limfedema haina dawa ya kuiondoa kabisa, lakini inadhibitika vizuri kiasi cha mtu kutembea, kufanya kazi na kuvaa viatu vyake. Hatua ya kwanza hufanywa na mtaalamu wa fiziotherapia aliyefunzwa kazi hiyo. Huwa ni ukandaji mwepesi mno, unaoigusa ngozi tu na kuielekeza limfu kwenye njia zilizobaki, kisha kufunga bandeji za tabaka kadhaa zisizonyumbuka sana, mazoezi bandeji zikiwa zimefungwa, na utunzaji wa ngozi. Mguu ukishapungua, soksi za mgandamizo huushikilia usivimbe tena. Ukandaji huu hauna uhusiano na ule wa mafuta na nguvu, na haufanywi kabla ya kuhakikisha kwamba hakuna damu iliyoganda. Vilevile, kabla ya kufungwa bandeji au kuvishwa soksi kali ni lazima ateri za mguu zikaguliwe, hasa kwa mwenye kisukari, kwa sababu mguu usiopata damu ya kutosha huumizwa na mgandamizo.

Makosa ya kawaida hapa hutokana na kufanana kwa vitu. Bandeji nyembamba inayonyumbuka, inayouzwa katika kila duka la dawa, ikizungushwa kifundoni peke yake huwa kama kamba, ikavimbisha kilicho chini na juu yake. Soksi nyeupe alizovalishwa mgonjwa wodini ni za kuzuia damu kuganda kwa mtu aliyelala, na mgandamizo wake ni mdogo kuliko wa limfedema. Vidonge vya kukojosha, kama furosemaidi, hupunguza maji lakini huacha protini palepale, kwa hiyo husaidia uvimbe wa moyo bali si wa limfu. Maji ya moto yenye chumvi hupanua mishipa na kuongeza maji mguuni. Na chale, zile zinazochanjwa ili "kutoa damu chafu", hufungua mlango kwa bakteria katika mguu ambao ulinzi wake umepungua.

Bakteria hao wasichukuliwe kwa wepesi. Mguu wenye limfedema hupata maambukizi ya ngozi kwa urahisi, kutoka mwiba wa shambani, fangasi kati ya vidole, au kucha iliyokatwa hadi nyama katika saluni. Vitabu husema ngozi huwa nyekundu, lakini kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu huenda usionekane. Tafuta joto, ngozi iliyong'aa au kuwa nyeusi zaidi, maumivu mapya, homa na kutetemeka. Maambukizi hayo yanahitaji antibiotiki siku hiyohiyo, na kila shambulio huharibu mirija zaidi. Kinga yake ni ya kila siku: kuosha na kukausha kati ya vidole, mafuta ya ngozi yasiyo na manukato, viatu vilivyofunika mguu hata uani, na sindano au kipimo cha damu kufanywa kwingine mwilini.

Yanayobaki ni ya maisha ya Nairobi. Anayesafiri hadi Mombasa kwa basi, kiasi cha kilomita 480, avae soksi, aombe kiti cha kandoni ili anyooshe mguu, achezeshe kifundo na ateremke kila basi linaposimama. Anayeuza sokoni akiwa amesimama kutwa atafute kigoda cha kuinua mguu kwa dakika chache. Soksi hupimwa asubuhi kabla mguu haujajaa, huvaliwa mtu anapoamka na kuvuliwa anapolala, hufuliwa kwa mkono na kuanikwa kivulini, na hulegea baada ya takriban miezi 6, hivyo ni gharama inayojirudia. Tangu Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ichukue nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya afya wa Kenya, tarehe 1 Oktoba 2024, ni vyema kuuliza kwenye dawati la hospitali, kabla ya kununua, kama fiziotherapia na soksi zimo katika malipo. Utepe wa kupimia ukae pamoja na soksi, miguu yote miwili ipimwe mara moja kwa juma mahali palepale, na namba ziandikwe katika daftari lenye idadi ya tezi. Zikipanda ghafla, hata baada ya miaka mingi ya kutulia, uchunguzi unaanzia tena kwenye ultrasaundi ya Doppler.